Kalavati Lililomeza Bugarama

Yapo maovu yanayokemewa kila Jumapili, na yapo mengine yanayopita mlangoni yamevaa tai na kupewa kiti cha mbele. Uovu ninaotaka kuuanika hapa ni wa kundi la pili. Ni aibu ya kusema "sijui." Mwizi angalau hujua kwamba anaiba. Lakini mtu anayeandika jambo asilolijua, kwa sababu tu nafasi tupu inamkodolea macho, hujiona mchapakazi, hufunga ofisi kwa amani, na akifika nyumbani hula kwa hamu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi ya kuchora barabara na mifereji kwa kompyuta. Kazi hiyo niliifanya katika wilaya za Ngara na Biharamulo, nikiwa fundi sanifu wa michoro, hadi nilipostaafu kwa hiari kabla macho yangu hayajanistaafisha kwa lazima. Wengi wenu mkinikuta sokoni hunipa "shikamoo, mama," kisha, kabla sijamaliza marahaba, mnaniomba niwafundishe mbinu za mkato. Mbinu ya mkato ninayo moja. Imo humu ndani, na wala si fupi.

Kwanza mwielewe kazi yenyewe. Ukichora kalavati, lile pito la maji chini ya barabara, katika modeli yako, kompyuta huona bomba tu lililolala chini ya udongo. Haijui kama bomba hilo ni la zege au la bati, kama ni zima au limejaa matope, wala wenyeji wanapaitaje mahali pale. Hayo yote huna budi kuyapachika wewe, kisanduku kwa kisanduku, na visanduku hivyo ndivyo tunavyoviita sifa. Baadaye modeli huhamishiwa katika programu ya ramani, na kila bomba husafiri na sifa zake kama mtoto wa shule ya bweni na sanduku lake la bati. Ukimfungia nguo za mtu mwingine, atazivaa. Programu ya ramani haina jicho la mzazi. Haitauliza kwa nini suruali inaburuta.

Mwalimu wangu wa kwanza, mzee wa Kihaya aliyekuwa na sauti ya kuongoza litania, alinifundisha enzi za wino na karatasi zinazopitisha mwanga. Wakati huo ukikosea ulikwangua kosa kwa wembe, na karatasi ikibakia na kovu, kila mtu aliliona kovu lako. Mahali asipokuwa na hakika, mzee yule aliandika alama ya kuuliza kwa penseli, kubwa, isiyo na aibu. "Mwanangu," aliniambia, "hii ndiyo herufi ya kiungwana kuliko zote. Haipo katika alfabeti kwa sababu imekataa kupanga foleni." Kompyuta zilipokuja tulipata mambo mengi mazuri, ila wembe na kovu vilitoweka. Uongo ulioandikwa kwa kompyuta hauna kovu. Unang'aa sawasawa na ukweli.

Msidhani nawachukia watu wa kompyuta. Mwenzangu wa karibu ofisini alikuwa Faustini, kijana wa Kasulo, fundi hodari wa programu hizo, mwenye kasoro moja ya kupenda maneno marefu. Aliwahi kutengeneza safu mbili za sifa: moja akaiita "kina_cha_mfereji," nyingine "kina_cha_maji." Programu ya ramani tuliyokuwa nayo ilikuwa na subira ya herufi kumi tu kwa kila jina, zilizozidi ilizikata kama kinyozi mwenye haraka. Hesabuni wenyewe mwone kilichobaki. Safu zote mbili zikawa "kina_cha_m," na kwa wiki nzima tulikuwa na mifereji mikavu ambayo, kwa mujibu wa ramani, ilikuwa imejaa maji hadi ukingoni. Basi fanyeni majina ya safu yawe mafupi, na tofauti ionekane mwanzoni, si mkiani.

Faustini huyohuyo aliwaachia wapimaji waandike hali ya kila kalavati kwa maneno yao. Tukapokea "mbaya," "mbaya sana," "mbaya kiasi," "si mbaya ukilinganisha na lile jingine," na kutoka Mabawe, "Mungu ndiye anayejua." Niliwaambia huyo wa Mabawe ndiye pekee aliyejibu kwa uaminifu, lakini ramani haiwezi kumpaka Mungu rangi. Tangu hapo tukaweka orodha iliyofungwa: nzuri, ya wastani, mbaya. Mpimaji anachagua, hatungi tenzi.

Sasa niwaletee mkubwa wetu, Injinia Deusdedith. Alikuwa mtu mwema, mnyoofu katika mambo ya mali ya umma, msomi wa kweli, na alipiga pasi hata soksi. Kilichomponza ni kwamba tangu darasa la kwanza hakuwahi kukosa jibu, na hakuna aliyemwonea huruma akamfundisha namna ya kukosa.

Barabara ya Bugarama ilikuwa inatengenezwa upya, nasi tulitakiwa kutoa ramani ya makalavati yote ili wananchi waitazame na kutoa maoni. Kalavati lililokuwa karibu na nyumba ya Mzee Ruhuza, Injinia alikwenda kulipima mwenyewe. Alirudi mapema kuliko tulivyotarajia, goti la suruali yake ya kijivu limechanika. Akatuambia ni seng'enge, na hatukumuuliza zaidi, kwa maana mtu anayepiga pasi soksi anaheshimiwa katika msiba wa suruali.

Siku ya kukamilisha modeli, Faustini alikwama.

"Bosi, kisanduku hiki hakikubali kubaki wazi. Kinawaka chekundu."

"Kijaze."

"Nikijaze na nini? Kipenyo cha kalavati la kwa Mzee Ruhuza hatuna."

"Andika mia tisa tisini na tisa."

"Kwa nini hiyo?"

"Kwa sababu inafanana na kitu kilichopimwa."

Nikaingilia. "Injinia, si ulikwenda mwenyewe?"

"Nilikwenda, dada."

"Na?"

Aliangalia dirishani, na mkono wake, bila yeye kuutuma, ukashuka hadi gotini. "Dada, modeli inatakiwa leo. Kalavati lenyewe litafukuliwa. Nani atakwenda kulipima?"

Nilimpa mawaidha marefu juu ya kweli na uongo, tena mazuri, ambayo hayakumsaidia mtu. Kisha nikaondoka kwenda Biharamulo kwa kazi nyingine. Hapo jifunzeni jambo: mawaidha hayafungui kisanduku chekundu. Kama ningekaa kimya nikaitazama ile safu, ningeona kwamba vipenyo vyote vilikuwa vimeandikwa kwa mita, 0.6 na 0.9 na jamaa zao, wakati Injinia, ambaye moyo wake ulikuwa gotini, alifikiri kwa milimita. Faustini alichapa alichoambiwa. Tena, kwa kuwa juma hilo alikuwa amegundua namna ya kuiamuru programu ya ramani ichore kila kalavati kwa ukubwa wake halisi, akaiamuru. Ramani ikachapishwa kubwa, yenye rangi, ikapelekwa Bugarama na dereva na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Hakuna aliyeikunjua kuitazama.

Siku iliyofuata, nikiwa bado Biharamulo, simu yangu ilipokea picha. Makalavati mengine yote yalikuwa vitone kama punje za ulezi. Moja lilikuwa duara la bluu lenye upana unaokaribia kilomita. Lilikuwa limemeza shule, mashine ya kusaga, kanisa la kigango, kiwanja cha mpira pamoja na magoli yote mawili, na katikati kabisa, kama kiini cha yai, nyumba ya Mzee Ruhuza. Pembeni maelezo yalisema: KALAVATI. LITAJENGWA UPYA.

Mngecheka, na mimi nilianza kucheka, hadi nilipojua picha ile ilikuwa imefika wapi kabla ya kunifikia. Devota, binti wa Mzee Ruhuza, alikuwa amechumbiwa na Shija, kijana wa familia ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia Biharamulo. Ng'ombe wa mahari walikuwa waswagwe hadi Bugarama Jumamosi ile. Wafugaji wale wamehamishwa na mifugo yao mara nyingi kiasi kwamba neno "ramani" likitajwa, wazee wao huanza kutafuta fimbo. Babake Shija alipoiona picha alisema sentensi moja, nayo ikasafiri kwa simu hadi Bugarama: "Ng'ombe wangu hawaingii kwenye bomba." Kama mji wa mkwe unabomolewa, yeye atajuaje ng'ombe wanalala wapi, na ndugu wa bibi harusi watatafutwa wapi siku ya matatizo? Posa ikasimamishwa. Devota alikuwa amekwisha kushonewa gauni.

Nilirudi kwa haraka. Ijumaa tukaitwa kwenye mkutano katika jengo la kigango, ambalo, kwa mujibu wetu, lilikuwa ndani ya kalavati. Watu walijaa hadi madirishani. Mzee Ruhuza alisimama, kofia mkononi.

"Mimi nimezaliwa hapa, na baba yangu amezikwa hapa. Sasa nimesoma ubaoni kwamba ninaishi ndani ya bomba. Sibishani na serikali. Ninaomba tu nielekezwe: mlango uko upande gani?"

Watu wakaangua kicheko, ila Devota hakucheka. Alikuwa amekaa benchi la mbele, mikono imefumbatwa. "Baba, usiwachekeshe. Kesho ndiyo Jumamosi."

Nilidhani Injinia atasema, "Ndugu zangu, tumekosea," na sote tukanywe chai. Hamumjui mtu ambaye hajawahi kukosa jibu! Alisimama, akanyoosha tai, akaanza kulitetea lile duara. Alizungumzia mvua kubwa za siku hizi, mabadiliko ya tabianchi, mteremko wa ardhi kuelekea bondeni, na umuhimu wa kujenga kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kadiri alivyosema ndivyo kalavati lilivyozidi kuwa la lazima. Nilimkazia macho, akayakwepa.

"Mawe!" alishangaa mama mmoja wa nyuma, kwa mshangao wa huku kwetu. "Mvua gani hiyo, mwanangu? Ya Nuhu?"

"Kitaalamu, mama, hatuwezi kuipuuza," alijibu Injinia, jasho likimtiririka. Faustini alijificha nyuma ya projekta iliyokuwa ikirusha ramani ukutani, nayo haikuwa kubwa kiasi cha kumficha.

Hapo aliinuka mzee mmoja mrefu, kofia pana kichwani, fimbo ya kuswagia mkononi. Ndiye aliyetumwa na upande wa Shija kuja kusikiliza. Alikuwa mshenga wao, na ndiye aliyeileta posa tangu mwanzo.

"Shikamooni wakubwa, na wadogo mhola," alisalimia kwa Kiswahili na Kisukuma. "Naomba niulize swali la kazi yangu, si la kazi yenu. Mzee Ruhuza, siku ile nilipokuja kuposa, mliniuliza nini?"

"Tulikuuliza mengi."

"Mliniuliza kama kijana wetu anakoroma."

"Tulikuuliza," alikiri Mzee Ruhuza.

"Nikajibu nini?"

"Ukajibu: hilo sikutumwa, nitarudi kuuliza."

"Mkanifanyaje?"

"Tukakuongezea ugali."

"Mkaniongezea ugali na paja la kuku!" Mzee aliwageukia watu wote. "Wakwe hawaulizi kukoroma kwa sababu wanataka kujua kukoroma. Wanampima mshenga. Ningesema hakoromi, na mimi sijawahi kulala naye chumba kimoja, wangejua nimekuja na mdomo wangu mwenyewe, si na ujumbe wa wazee. Mshenga anayejua kila kitu, nyumba aliyoiunganisha haikai. Nimeozesha watoto wengi, na kila nyumba nimeiingia nikiwa na 'sijui' mbili tatu mfukoni, kama mtu anayebeba chumvi."

Kisha akamsogelea Injinia, akaishusha sauti, si kwa kumkaripia bali kama anavyosemeshwa bwana harusi anayetetemeka.

"Wewe mwanangu ni mshenga wa balabala. Balabala imekutuma kwetu. Hilo bomba la kumeza kanisa, umetumwa?"

Injinia alimtazama mzee, akaitazama ramani, akamtazama Devota.

"Hapana," alisema. "Sikutumwa."

"Basi jibu kama mshenga. Watu hawa ni wakwe zako, hawakuli."

Nimehudhuria mahafali, viapo na mazishi ya wakubwa, lakini sijaona mtu akivuka mto mpana kama ule aliovuka Injinia Deusdedith akiwa amesimama mahali pamoja.

"Kipenyo cha kalavati la kwa Mzee Ruhuza," alisema, "sikijui. Nitarudi kuuliza."

Akina mama walipiga vigelegele. Nawaambia ukweli: vigelegele, kwa neno "sikijui"! Injinia alishtuka kama mtu aliyetegemea kofi akapewa zawadi. Huenda ndiyo sababu alijibu vizuri hata swali lililofuata, ambalo lilitoka kwa Mzee Ruhuza.

"Lakini mwanangu, si ulikuja siku ile na tepu? Nilikuona barabarani. Hukupima kwa nini?"

"Kulikuwa na beberu ndani," alisema Injinia.

"Beberu?"

"Mweusi. Ana ndevu. Nilipoinama kuingiza tepu, alitoka kwa nguvu."

"Meneja!" Devota aliruka kutoka kwenye benchi. "Baba, si nilikuambia? Si nilikuambia Meneja amerudi na kitambaa cha kijivu kwenye pembe, ukasema kaokota jalalani?"

Mkutano haukuwa na mwenyekiti tena. Watu walishikana mabega kwa kucheka. Kumbe kila kiangazi beberu yule, aliyeitwa Meneja kwa namna alivyokaa bila kufanya kazi na kutotaka kusumbuliwa, alihamia katika kalavati kwa ajili ya kivuli, na kijiji kizima kilijua kwamba mahali pale mtu hapiti bila kugonga jiwe kwanza. Injinia hakujua. Angeuliza, angeambiwa na mtoto yeyote. Lakini kuuliza kungemlazimu kusimulia habari ya suruali, na wahenga walikwisha kusema: mficha uchi hazai.

Tuliondoka wote kwa maandamano hadi kwenye kalavati. Mzee Ruhuza aligonga jiwe, akamtoa Meneja kwa pembe, akamshikilia huku beberu akimtazama Injinia kama mtu anayemkumbuka mdeni wake. Injinia alivua koti, akampa Faustini, akapiga magoti katika vumbi la Bugarama na suruali iliyonyooshwa, akanyoosha tepu.

"Sifuri nukta sita!" alipaza sauti kutoka shimoni.

"Ya nini?" aliuliza mshenga kutoka juu.

Vijana wangu, liandikeni swali hilo ukutani. Namba bila kipimo chake ni mtu bila ukoo.

"Ya mita!"

"Ng'ombe anapita?"

"Hapiti, mzee. Hata ndama."

Mshenga alitoa simu, akampigia babake Shija pale pale, mbele yetu sote. "Mhola. Ndiyo, nipo bombani. Limepungua. Linatosha mbuzi mmoja, tena mkorofi. Nyumba ya mkwe ipo, kanisa lipo, nimeviona kwa macho yangu. Ukweli nani kasema? Injinia kasema. Ndiyo, yule yule. Hapana, kwanza alisema hajui, ndiyo maana sasa namwamini." Akasikiliza kidogo, kisha akamgeukia Devota. "Binti, lipigie pasi gauni. Ng'ombe wanapita juu ya balabala, kama watu."

Walipita Jumamosi, wakapita juu, na mmoja wao akala pembe ya ile ramani ofisini kwa mtendaji kabla hatujaiondoa. Sikuona dhambi. Meneja hakuchinjwa kwenye sherehe. Mzee Ruhuza alikataa, akisema mtumishi wa barabara hachinjwi akiwa kazini. Injinia alialikwa akakaa meza ya wakwe, na alipoulizwa kama chakula kina chumvi ya kutosha alisema, "Sijui, ngoja nionje," kwa furaha ya mtu anayetumia kiatu kipya.

Jumatatu tulibadilisha namna yetu ya kupachika sifa, na sijaona ofisi iliyofanya vizuri zaidi. Jina la safu likabeba kipimo chake: "kip_mita." Pembeni mwa kila kipimo tukaweka safu ya aliyepima, ili namba isiwe yatima. Tukaiondoa ile amri ya kukataza kisanduku kubaki wazi, maana amri hiyo ndiyo mama wa uongo wote wa kompyuta. Sifuri ni jibu, utupu ni swali, na asiyezitofautisha arudi shule. Tukaongeza safu ya uhakika yenye orodha iliyofungwa: kimepimwa, kimekadiriwa, na ya tatu, ambayo Injinia mwenyewe aliishikilia ibaki kwa maneno yale yale, "sikutumwa, nitarudi kuuliza." Na kabla ya kuihamisha modeli nzima, tulihamisha kalavati moja kwanza, tukalitazama kwa macho, tukaona limekaa mahali pake bila kumeza mtu. Faustini, ambaye hakuacha utundu, aliongeza safu ya "mkazi" kwa ajili ya kalavati moja tu la Bugarama. Nilimkemea. Kisha nikahakikisha jina la Meneja limeandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni, inavyostahili.

Mimi nimesoma vitabu vingi juu ya ukweli, na vingine nimevinukuu kwa watu ambao hawakuniomba. Hakuna kilichomfungua Injinia Deusdedith siku ile. Alifunguliwa na mtu aliyemwonyesha kwamba "sijui" si shimo la kutumbukia bali ni kiti cha kukalia, tena huletewa ugali. Kwa hiyo mkiketi mbele ya kisanduku kitupu, na vidole vikianza kuwasha kwa tamaa ya kukijaza, simamisheni kazi kidogo mkamkumbuke mshenga mmoja mwenye kofia pana, aliyekuja Bugarama kutafuta habari za ng'ombe akaondoka ameiokoa harusi, ramani na mtu mzima mwenye tai. Jina lake ni Lugembe Masunga.